Udongo wa Mfinyanzi Umegoma Kunywa, au Kipimo Ndicho Kibovu? Utatuzi wa matatizo ya kupima upenyaji wa maji ya mvua mijini

Kupima kasi ya udongo wa kichanga kunywa maji ni kazi rahisi. Unamwaga maji, unatazama saa, na baada ya muda mfupi jibu unalo. Udongo wa mfinyanzi ni habari nyingine. Ukishaloa sawasawa, mara nyingi hunywa milimita 1 hadi 3 kwa saa, na ule mzito kabisa huweza kuteremka hadi milimita 0.3. Ndani ya pete ya chuma ya kupimia yenye kipenyo cha sentimita 30, yaani eneo la sentimita za mraba 707, milimita 1 ya maji ni mililita 71 tu. Hicho ndicho kiasi unachokitafuta kwa saa nzima. Upenyo mwembamba ubavuni mwa pete, jua la saa sita mchana, au chupa ya kulisha pete maji iliyopata joto, kila kimoja kinaweza kumeza au kuongeza mililita hizo zote bila wewe kujua.

Kwa hiyo kuna swali moja la kuuliza kwenye kila dalili iliyoelezwa hapa: maji yaliyopungua yamekwenda wapi? Mpaka ulijibu, namba uliyoandika haijawa kasi ya udongo kunywa maji. Ni kasi ya maji kupotea. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu shimo la kupenyezea maji lililochorwa kwa namba ya uongo hufurika kwenye milango ya watu.

Kabla ya kutafuta kosa, hakikisha mambo ya msingi yako sawa. Pete mbili za chuma, ya ndani sentimita 30 na ya nje sentimita 60, zenye kimo cha kama sentimita 50. Ya nje izamishwe kama sentimita 15, ya ndani sentimita 5 hadi 10. Zote mbili zikae wima na zisawazishwe kwa pimamaji. Maji yawe na kina kilekile ndani ya pete zote mbili, na kina hicho kisibadilike muda wote wa kipimo. Andika joto la maji, hali ya hewa na unyevu wa udongo kabla ya kumwaga tone la kwanza. Mambo hayo matatu utayahitaji namba zikianza kukushangaza.

Dalili: maji yanakimbia kama umeyamwaga mchangani

Hii ndiyo dalili inayowadanganya wengi, kwa sababu inaleta habari njema. Saa ya kwanza inasoma milimita 40, mtu anafurahi, anafunga vifaa. Vyanzo vyake ni vitatu na kila kimoja kina alama yake.

*Kiu ya udongo mkavu.* Mfinyanzi mkavu huvuta maji kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa maji yenyewe. Kwenye mlinganyo wa Green na Ampt wa mwaka 1911, nguvu hiyo ya kuvuta hukadiriwa kuwa sawa na kina cha maji cha sentimita 32 hivi kwa mfinyanzi, dhidi ya sentimita 5 kwa mchanga. Tuweke hesabu mezani. Chukua udongo ambao uwezo wake wa kweli ni milimita 0.3 kwa saa, na pete yenye maji ya kina cha milimita 100. Maji yakiwa yamezama milimita 50 tu ardhini, kasi utakayosoma ni 0.3 × (1 + 416/50), yaani milimita 2.8 kwa saa. Ni zaidi ya mara tisa ya ukweli, na hakuna kilichovuja wala kilichoharibika. Maji yakifika milimita 300, kasi hushuka hadi 0.7, bado zaidi ya mara mbili. Na kama udongo huo ulikuwa na nafasi ya asilimia 20 ya kupokea maji, kufika hapo kutachukua karibu siku mbili.

Utaitambua hali hii kwa sababu kasi hushuka polepole na kwa mpangilio. Chora jumla ya maji yaliyonywewa dhidi ya kipeuo cha pili cha muda. Ukipata mstari ulionyooka, udongo bado unavuta kwa kiu, na uzito wa maji haujachukua usukani. Tiba ni kuulowesha mapema. Jaza pete jana yake, uache usiku kucha, na kwenye udongo mzito uliokauka sana uache siku mbili hadi tatu huku ukiongeza maji. Kulowesha kwa nusu saa, kama inavyofanywa kwenye vipimo vya haraka, hakutoshi kwa mfinyanzi.

*Nyufa.* Udongo wenye smektaiti nyingi (madini ya mfinyanzi yanayovimba) hutanuka ukiloa na kusinyaa ukikauka. Nyufa zake za kiangazi huingia ndani hadi zaidi ya nusu mita. Pete iliyokaa juu ya ufa inapima ufa, wala haipimi udongo. Alama yake ni kasi kubwa sana inayoporomoka ghafla, kwa mfano kutoka mamia ya milimita kwa saa hadi chini ya milimita 5, nyufa zinapofumba. Wakati mwingine maji hutokea nje ya pete kubwa, mita moja pembeni. Tazama chini na usikanyage hapo.

Usiukimbie ufa kwa kuhamisha pete hadi mahali palipo laini. Mvua ya kwanza ya msimu itaukuta ufa huo uko wazi, kwa hiyo ni sehemu ya jibu. Pima mara mbili: kiangazi nyufa zikiwa wazi, na tena baada ya udongo kuloa hadi nyufa zifumbe. Namba ya pili ndiyo ya kuchorea shimo, kwa sababu mafuriko mabaya hutokea ardhi ikiwa imeshashiba. Namba ya kwanza iandike kando kama maelezo ya mvua za mwanzo.

*Maji yanashuka ubavuni mwa pete.* Mfinyanzi mkavu ni kama tofali. Ukiipiga pete kwa nyundo, ardhi hupasuka pembeni na kuacha mwanya. Tazama mahali chuma kinapokutana na udongo ndani ya pete: vipovu vya hewa vinavyotoka kwa mfululizo kwenye ukingo huo, dakika tano za kwanza, ni ushahidi tosha. Ushahidi wa pili ni maji ya pete ya ndani kushuka sambamba na ya nje hata ukiyaacha bila kuyaongeza, na ukijaza moja tu, nyingine nayo inapanda.

Tiba ndogo ni kushindilia udongo mlegevu pembezoni kwa kijiti cha mviringo na kuziba kwa bentonaiti mbichi (mfinyanzi unaovimba ukiloa) iliyokandwa, ukanda wa upana wa sentimita 1 hivi kuzunguka ndani. Usizidishe upana huo, maana kila sentimita unayoiziba inapunguza eneo la kupimia na lazima uitoe kwenye hesabu. Mwanya ukiwa mkubwa, ng'oa pete na uanze mahali papya. Safari hii lowesha ardhi siku moja kabla, weka ubao mnene juu ya pete, na uisukume kwa jeki iliyoegemezwa chini ya gari zito badala ya kuipiga. Ikibidi kupiga, piga katikati ya ubao kwa mapigo madogo na ukague pimamaji kila baada ya mapigo machache. Pete iliyoingia upande na kunyooshwa baadaye imeshaacha mwanya, hata kama hauonekani.

Dalili: maji hayashuki kabisa, au yanapanda

Yakipanda, anza na lililo rahisi. Je, mvua ilinyesha, hata manyunyu? Je, maji ya pete ya nje yako juu kuliko ya ndani? Tofauti ya nusu sentimita inatosha kuyasukuma maji kupita chini ya pete ndogo, na kwenye mfinyanzi mtiririko huo unaweza kuzidi kile unachokipima. Kama viwango ni sawa na hakukunyesha, tazama udongo wenyewe. Smektaiti ikitanuka huinua uso wa ardhi ndani ya pete na kubeba maji juu yake. Ndiyo sababu rula iliyochomekwa ardhini haifai: inapanda pamoja na udongo. Funga rula kwenye ukingo wa pete au kwenye upau uliosimama nje.

Maji yakisimama tuli, chanzo cha kawaida ni ngozi nyembamba iliyozibika juu ya udongo. Huzaliwa kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kumwaga maji moja kwa moja. Yanapiga udongo, yanauvuruga, kisha tope laini linatua na kufunga vinyweleo vyote. Maji ya pete yakiwa na rangi ya chai ya maziwa dakika kumi baada ya kujaza, tayari umejiharibia. Weka kipande cha gunia au safu ya kokoto safi ya sentimita 2, mimina polepole juu yake, kisha toa gunia. Maji yenyewe yawe safi. Ya mtoni au ya dimbwi yaache yatulie kwanza kwenye pipa.

Ya pili ni zana. Koleo na kekee ya udongo vikipita kwenye mfinyanzi wenye unyevu hupaka ukuta na sakafu ya shimo kama mwiko wa fundi unavyolainisha plasta. Washa tochi uitazame sakafu kwa ubavu: ikimetameta, imepakwa. Ikwangue kwa burashi ya waya au kwa ubao uliogongelewa misumari, ondoa milimita 5 hadi 10 kwa kumenyua badala ya kusugua, kisha toa vumbi lote. Ukisugua unapaka upya. Na usichimbe siku udongo unaponata kwenye kiatu. Subiri ukauke kiasi cha kumeguka mkononi.

Baada ya hapo yabaki mawili. Maji ya ardhini yakiwa karibu, mahali pa kwenda maji yako hapapo. Toboa shimo jembamba la mita 2 hatua chache kutoka kwenye pete, liache hadi kesho yake, upime maji yaliyojikusanya. Yakiwa karibu kuliko mita 1 kutoka usawa wa sakafu ya kipimo, tatizo liko kwenye eneo, na hakuna kifaa kitakachokusaidia. Jingine ni udongo ulioshindiliwa na mitambo ya ujenzi. Chukua sampuli kwa silinda ya ujazo unaojulikana, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 105 kwa saa 24, upime uzito. Mfinyanzi ulio huru huwa chini ya gramu 1.1 kwa sentimita ya ujazo, ukivuka 1.47 hata mizizi hushindwa kupenya. Viwanja vya mijini vina tabaka hili mara nyingi kati ya sentimita 15 na 40, chini ya udongo mzuri ulioletwa kwa gari kupendezesha bustani. Ukipima juu utasifu udongo wa gari.

Dalili: namba zinarukaruka, saa hii 0.4, saa ijayo 2.1, kisha 0.9

Hapa mara nyingi udongo hauna hatia. Jicho la kawaida husoma rula kwa kukosea milimita 0.5 hadi 1, na unachopima ni milimita 1. Hauwezi kupima unene wa uzi kwa futi kamba. Kuna njia mbili za kutoka. Refusha muda kati ya usomaji: saa 4 hadi 6 badala ya dakika 15. Au kuza mabadiliko kwa chupa ya Mariotte nyembamba, ambayo hulisha pete na kushika kina kilekile. Bomba la kipenyo cha sentimita 5 lina eneo la sentimita za mraba 19.6, hivyo milimita 1 ndani ya pete huonekana kama milimita 36 kwenye bomba. Hapo hata asiye na miwani anasoma.

Lakini chupa hiyo ina ugonjwa wake, na ndio unaozaa namba nyingi za ajabu. Hewa iliyo juu ya maji ndani ya chupa hutanuka ikipata joto. Lita 2 za hewa zikipanda nyuzi 10 hutanuka kwa karibu mililita 67, na maji ya kiasi hichohicho yanasukumwa kwenye pete hata kama udongo haujanywa kitu. Hiyo ni sawa na saa nzima ya udongo wa milimita 1. Kisha wingu linapita, chupa inapoa, hakuna kinachotoka, na kwenye daftari inaonekana udongo umegoma. Ifunike chupa kwa kitambaa cheupe au karatasi ya alumini, isimamishe kivulini, na ibaki na hewa kidogo iwezekanavyo. Usomaji wa kabla ya jua kuchomoza na baada ya kuzama ndio wa kuaminika.

Uvukizi nao unakula. Mchana wa jua kali na upepo, maji yaliyo wazi hupoteza karibu milimita 1 kwa saa, yaani huenda ni yote unayoyapima. Funika pete kwa turubai lisilokaza hewa. Zaidi ya hapo weka ndoo pana yenye kitako, yenye kina kilekile cha maji, kando ya pete na chini ya kifuniko cha aina hiyohiyo. Kinachopungua humo ni cha hewa. Kitoe kwenye hesabu. Ni jaribio la ndoo moja, na bado ripoti nyingi hazina.

Wanaotumia sensa ya shinikizo iliyozama wajihadhari na jambo moja. Sensa isiyo na mrija wa hewa hupima uzito wa maji pamoja na uzito wa angahewa. Hektopaskali 1 ya hewa ni sawa na sentimita 1 ya maji. Katika nchi za tropiki shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa hektopaskali 2 hadi 3 hivi. Kwa hiyo sensa inaweza kuonyesha maji yamepanda sentimita 2 asubuhi na kushuka alasiri, wakati udongo umekunywa milimita 6 tu. Weka sensa ya pili hewani na utoe usomaji wake. Ukiona mawimbi yanayojirudia kila baada ya saa 12 kwenye grafu yako, ndilo hilo.

Dalili: kasi haitulii

Kanuni ya kawaida ni kusimamisha kipimo pale usomaji mfululizo unapotofautiana kwa chini ya asilimia 10. Mfinyanzi huchukua saa 6 hadi siku nzima kufika hapo, na unaotanuka huchukua siku kadhaa. Ikishuka bila kukoma hata baada ya siku mbili, shuku udongo unaojifunga wenyewe: chembe zinatawanyika na kuziba njia. Jaribio lake liko chini kwenye suala la maji ya bomba.

Ikipanda baada ya kutulia, kwa kawaida ni hewa iliyokuwa imenaswa inayeyuka au kutoka, au ni mchwa na minyoo wamefungua njia. Hewa hiyo iliyonaswa ni ya kawaida shambani; inaweza kupunguza upenyaji hadi nusu ya ule wa udongo uliojaa maji kikamilifu maabara. Usijaribu kuitoa. Mvua nayo huiacha humo.

Dalili: pete tano za eneo moja zimetofautiana kama mbingu na ardhi

Tuseme umepata 0.4, 0.9, 1.1, 2.5 na 38. Watu wawili hukosea hapa kwa njia tofauti. Mmoja anaitupa 38 kwa sababu "haiwezekani". Mwingine anajumlisha na kugawa kwa tano, anapata 8.6.

Upenyaji wa maji hautawanyiki kama urefu wa watu; hutawanyika kwa kuzidisha, ambapo tofauti ya mara kumi ndani ya kiwanja kimoja ni kawaida. Wastani unaofaa ni wa kijiometri: zidisha zote, kisha tafuta kipeuo cha tano. Jibu ni 2.1. Tazama tofauti hiyo inavyokwenda hadi ardhini. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 2,000. Tugawe kasi kwa 2 kwa usalama, na tutake shimo likauke ndani ya saa 48, kabla mbu hawajapata nafasi ya kukua. Kwa kasi ya 2.1 maji yanayoweza kuingia ni kina cha milimita 50, hivyo unahitaji bustani ya mvua (shimo pana lenye mimea) ya mita za mraba 40. Kwa 8.6 hesabu inasema mita za mraba 10 zinatosha. Robo tatu ya eneo imepotea kwa sababu ya pete moja.

Hata hivyo nenda ukaichimbe hiyo pete ya 38. Kata udongo wima katikati yake na utazame: ufa, shimo la mzizi uliooza, tundu la panya, au mfereji wa kokoto wa bomba la zamani? Mfereji wa bomba ni hatari ya kweli mijini, kwa maana maji yakiupata hufuata bomba hadi chini ya msingi wa jirani. Njia rahisi ya kuona ni kutia rangi ya chakula ya buluu kwenye maji ya mwisho kabla ya kuchimba. Pale rangi ilipopita ndipo maji yalipopita.

Pete tano ni kiwango cha chini kwa kiwanja kidogo. Afadhali vipimo vingi vya kawaida kuliko kimoja kizuri sana.

Dalili: kipimo kilipendeza, lakini shimo lililojengwa linajaa na kukaa wiki

Hapa ndipo panapouma, na ndipo makosa manne ya kimyakimya hujitokeza.

*Kasi ya kuingia imetumiwa kana kwamba ni uwezo wa udongo.* Maji yaliyo ndani ya pete moja hayaendi chini tu. Yanavutwa pembeni na udongo mkavu unaozunguka. Pete ya nje hupunguza hilo, ila kwenye mfinyanzi hailiondoi lote. Kwa pete moja, tumia masahihisho ya Reynolds na Elrick ya mwaka 1990. Kwanza tafuta G = 0.993d + 0.578a, ambapo d ni kina cha pete ardhini na a ni nusu kipenyo, vyote kwa sentimita. Kisha gawa kasi uliyoisoma kwa [1 + H/G + 1/(αG)], ambapo H ni kina cha maji. Alama α inawakilisha nguvu ya udongo kuvuta: 0.12 kwa udongo wenye muundo mzuri wa mabonge na njia za mizizi, 0.04 kwa mfinyanzi usio na muundo, 0.01 kwa mfinyanzi ulioshindiliwa.

Kwa d ya 10, a ya 15 na H ya 10, G ni 18.6. Ukisoma milimita 6 kwa saa, uwezo wa kweli ni 3.0 kwa udongo wa muundo mzuri, 2.1 kwa usio na muundo, na 0.9 tu kwa ulioshindiliwa. Usomaji mmoja, majibu matatu. Ndiyo maana kushika bonge la udongo na kulimegua kwa vidole kabla ya kupima ni sehemu ya kipimo.

*Kipimo kilifanywa juu, shimo likajengwa chini.* Kama sakafu ya shimo itakuwa mita 1 chini, chimba hadi hapo na upimie hapo. Kwa mashimo ya kina, mwongozo wa Uingereza wa BRE Digest 365 unataka shimo la majaribio lijazwe mara tatu, na upimwe muda wa maji kushuka kutoka robo tatu ya kina hadi robo. Kwenye mfinyanzi mara nyingi mjazo wa kwanza haumaliziki siku hiyo. Hilo nalo ni jibu, liandike.

*Maji ya bomba si maji ya mvua.* Hili halizungumzwi vya kutosha. Maji ya bomba, hasa magumu, hubeba kalsiamu na chumvi zinazoshikamanisha chembe za mfinyanzi. Mvua haina chumvi karibu yoyote. Udongo wenye sodiamu nyingi utaonekana mzuri kwa maji ya bomba, kisha mvua ya kwanza itautawanya uwe tope linaloziba. Chukua vibonge vikavu vya milimita 3 hadi 5, vidondoshe taratibu kwenye glasi mbili, moja ya maji yaliyotoneshwa au ya mvua, nyingine ya bomba. Usitikise. Tazama baada ya dakika 10, saa 2, na saa 20. Kibonge kikivunjika vipande huku maji yakibaki maangavu, hicho ni kulegea tu. Ukiona ukungu wa maziwa unaotambaa kutoka kwenye kibonge na kutanda chini ya glasi, udongo unatawanyika. Ukungu ukitokea kwenye glasi ya mvua pekee, rudia kipimo cha pete kwa maji ya mvua. Tiba ya ardhi ni jasi, kwa kiasi kitakachotolewa na maabara baada ya kupima sodiamu. Australia huanza kuuita udongo wa sodiamu ukifika asilimia 6 ya nafasi za kubadilishana madini, Marekani asilimia 15.

*Mitambo ilipita baada ya kupima.* Pima tena baada ya kuchimba na kabla ya kujaza kokoto. Mchimbaji akae nje ya shimo na aufikie udongo kwa mkono wa mashine. Sakafu ikishindiliwa, ipasue kwa meno ya ndoo hadi sentimita 30 siku ikiwa kavu. Na usifungulie maji ya eneo lolote ambalo nyasi hazijashika. Tope la siku moja linaweza kufunga sakafu nzima.

Dalili: shimo linakunywa vizuri kuliko kipimo

Hutokea. Kuta za shimo nazo hunywa, na pete haikuzihesabu. Mizizi hufungua njia mwaka hadi mwaka. Halafu kuna joto: maji ya nyuzi 30 yana mnato (ugumu wa kutiririka) wa 0.80, ya nyuzi 20 yana 1.00, ya nyuzi 10 yana 1.31. Kipimo cha asubuhi ya baridi kwa nyuzi 10 kitasoma chini kwa karibu robo kuliko cha nyuzi 20 kwenye udongo uleule. Zidisha usomaji wako kwa mnato wa siku hiyo ili upate thamani ya nyuzi 20, ndipo ulinganishe vipimo vya misimu tofauti.

Shimo likiwa limeshajengwa, pete haina kazi tena. Lijaze lenyewe kwa bauza au baada ya mvua kubwa, funga njia za kuingilia, weka sensa mbili, moja majini na moja hewani, na uache siku tatu. Tumia usiku pekee katika hesabu, uvukizi ukiwa mdogo. Rudia kila mwaka mwezi uleule. Kasi ikishuka chini ya nusu ya ile ya mwaka wa kwanza, kwangua sentimita 5 za juu za tope kabla ya kufikiria kuchimba upya.